Mwandike Mama Kwanza

Haya niliyasema Jumamosi moja mbele ya vijana wanaojifunza kuandika filamu hapa Mwanza. Walioomba niyaweke kwenye maandishi watanisamehe: nimeondoa kukohoa na kutafuta miwani, mengine nimeyaacha yalivyotoka.

Asanteni. Kaeni, kaeni. Mliosimama huko nyuma, mkeka wa hapa mbele hauna mwenyewe, njooni.

Mwenyekiti wenu amenitambulisha kama mtengeneza filamu. Namshukuru, ila naomba nimrekebishe kabla mteja wangu yeyote hajasikia akacheka. Mimi ni fundi wa video za harusi. Miaka kumi na minne sasa napiga na kuhariri kichen pati, sendofu na harusi zenyewe, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, na mara mojamoja navuka na kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema nikiwa nimekumbatia begi la kamera kama mtoto mchanga. Filamu fupi nilizoandika ni tatu. Mbili ziko kabatini.

Lakini harusi ni shule. Ninyi mnaiona siku moja, mimi siku hiyohiyo naiona wiki tatu, usiku, spika masikioni, sura ileile narudia mara ishirini. Nina kamera ya pili ninayoisimamisha kwenye kona bila mtu. Wanandoa hawaiangalii kabisa, na ndiyo iliyonifundisha kazi. Kila harusi inamnasa mama wa bibi harusi pale anapodhani hakuna anayemtazama. Ndafu inaingia, vigelegele vinapaa, emsii anapasua koo, na mama yule midomo inacheza. Miaka ya mwanzo nilidhani anasali. Siku moja nikaivuta picha karibu, nikaisogeza polepole. Anahesabu viti. Ukweni wamekuja wangapi, upande wa shangazi kuna meza tupu, nani alichanga na hakuonekana. Mtoto wake wa kwanza anaolewa, naye yuko kwenye hesabu.

Picha hiyo huwa naikata. Hakuna aliyenilipa nimwonyeshe mama yake akihesabu viti. Lakini kichwani sijawahi kuikata, na ndiyo sababu nilipoombwa nizungumzie mapenzi na matarajio ya familia nikachagua filamu ya majirani zetu, Rafiki, ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2018.

Naona mnatazamana. Ndiyo, ni hiyohiyo, ya wasichana wawili wanaopendana. Sheria ya nchi yetu naijua inasemaje juu ya mapenzi ya namna hiyo, na najua kwamba hapa kwetu filamu inapita Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976. Sikuja kuwatuma mkapige filamu kama ile. Nimekuja kuifumua tuone imeshonwaje. Fundi cherehani huigeuza nje ndani hata nguo ambayo hatarajii kuivaa.

Kisa chake kwa kifupi. Kena na Ziki wanaishi mtaa mmoja wa Nairobi, mtaa wa maghorofa ya kupanga na vibanda. Kena anacheza mpira na wavulana, anamsaidia baba yake dukani, anataka kuwa nesi. Ziki nywele zake zina rangi zote za duka la vitambaa, na ndiye anayemuuliza mwenzake kwa nini nesi, kwa nini usiwe daktari. Baba zao wote wawili wanagombea kiti kimoja, mwakilishi wa wadi, sisi tungesema udiwani. Hapo mwandishi yeyote mwenye akili anasugua mikono. Watoto wa mahasimu! Hadithi hiyo imeliwa na kila taifa duniani na bado inashibisha.

Ila Kahiu hakuianzia hapo. Aliitoa kwenye hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyoshinda tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2007. Imeandikwa kama barua, msichana aliyebaki Kampala anamwandikia mwenzake aliyepelekwa London. Na jambula, mnajua ni mti gani? Ni mzambarau. Uleule. Aliyekulia Mwanza hahitaji kuelezwa. Ukipanda mzambarau wa jirani ukala, ukirudi nyumbani mama hakuulizi maswali, anakwambia toa ulimi. Unaweza kunawa mikono, unaweza kujifuta mdomo kwa gauni, ulimi utakusaliti mpaka jioni. Sisi rangi yenyewe tumeipa jina la tunda. Sasa ukiitazama filamu ile, angalia taa zake, zambarau na waridi kila mahali, usiku kwenye muziki, ndani ya gari bovu wanamojificha wale wasichana. Kwangu mimi mtaa mzima umetoa ulimi. Sijui kama ndivyo Kahiu alivyokusudia. Mimi ndivyo nilivyosoma.

Bodi ya Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa, na kabla ya hapo haikuwahi filamu ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha lile. Kwa hiyo mtu wa Cannes aliiona kabla ya mtu wa Ngong Road, Nairobi. Kahiu alieleza kwamba walimtaka abadilishe mwisho, kwamba Kena haonekani kujuta vya kutosha, naye akagoma. Vijana, hapo nataka msimame kidogo. Ugomvi wa filamu nzima uliishia kwenye dakika za mwisho, kwamba msichana huyu alie zaidi au asilie. Ninyi mnaoandika miisho saa nane za usiku mkiwa mmechoka, mkisema "watapatana tu," mjue mwisho ndio unaopiganiwa.

Tarehe 21 Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu akaifungulia kwa siku saba, kwa watu wazima tu, ili itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani kabla ya kuwania Oscar. Alisema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kutikiswa misingi na filamu moja. Kwenye Oscar Kenya mwishowe ilipeleka filamu nyingine, lakini siku saba zilikwishatolewa.

Sasa tazameni kalenda, watu wa Mwanza. Tarehe 21 Septemba 2018. Mmekumbuka? Siku moja kabla, Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza kidogo tu kufika gati la kisiwa cha Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Sisi tulikuwa msibani. Mama yangu ni Mkerewe, mtu wa Nansio, na wiki ile nyumba yetu ya Kirumba ilikuwa stendi, watu wanapita kwenda kisiwani, wengine wanarudi hawaongei. Na mimi, binti yake, msibani humohumo, nikamwambia nataka kwenda Nairobi kuona picha.

Hakunipigia kelele. Alisema, "Watu wanazika, wewe unafuata sinema." Akanipa kisogo. Nilisubiri mpaka Jumatano, nikapanda basi Buzuruga usiku bila kuaga vizuri, na mpaka leo naona ilikuwa utovu wa adabu. Na bado ningekwenda tena.

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja wa Kikurya, mtu mzima, kanga mbili, mfuko wa viazi miguuni. Tulipopita daraja la Kirumi alianza kuchangamka. Nikamuuliza, shikamoo mama, unakwenda msibani au salama? Akasema salama tupu, naenda kumwona mke wangu, amejifungua mtoto wa kiume. Nikageuka kumtazama vizuri, nikidhani usingizi umenichanganya. Akacheka. Ninyi wa Mara mnajua, naona mnacheka pia. Ni nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, anatoa ng'ombe anaoa msichana, anamtafutia mwanamume wa kuzaa naye, watoto wanakuwa wa nyumba yake, urithi hautoki. Mapenzi hayamo humo, wala hakuna aliyeyadai, na wapo wasichana walioozwa hivyo wadogo sana bila kuulizwa. Siwapambii. Lakini nilikaa na jambo hilo mpaka Sirari: ukoo uleule unaoweza kupiga ngoma mwanamke akimtolea mwanamke mwenzake ng'ombe kwa ajili ya urithi, utashika mawe akimshika mkono kwa ajili ya kumpenda. Familia haiulizi sana nani yuko na nani. Inauliza hesabu imekaaje.

Mnaona nilivyorudi kwenye viti.

Nikaingia sinema ya Prestige, Ngong Road. Ukumbi umejaa, watu wa rika langu, wanafunzi, akina mama wawili waliokuja na mikoba ya kanisani. Mwanzo watu walicheka sana, na hilo lilinishangaza, maana nilikuja nimejiandaa kwa huzuni. Kahiu ana imani kwamba filamu za Afrika nazo zina haki ya furaha na upuuzi, zisiwe vita na njaa tu. Sisi wa Mwanza tunalijua hilo kwa uchungu wetu. Mwaka 2004 mji huu uliingizwa kwenye filamu ya Darwin's Nightmare, mapanki na watoto wa mitaani na ndege za sangara, dunia ikatujua kwa hiyo, na mwaka 2006 Rais Kikwete mwenyewe aliisema hadharani. Tangu hapo mtu akishika kamera Mwaloni wauza samaki wanamuuliza anatafuta nini.

Basi. Wazazi. Mama yake Kena anaitwa Mercy, ameachwa, ni mtu wa kanisa sana. Mume wake wa zamani ana mke mpya, na mke huyo ana mimba. Hebu mfikirieni mwanamke huyo kabla binti hajafanya lolote. Mtaa mzima tayari unamwonea huruma ile yenye ladha ya kejeli. Kilichobaki mkononi mwake ni binti anayefaulu. Siri inapofichuka, mama wa Ziki anawafuma, wanakimbilia kwenye lile gari bovu, na mwuza chai wa mtaani, Mama Atim, mwenye masikio marefu kuliko siku ya njaa, anawaleta watu. Wanapigwa. Mercy anampeleka binti yake kuombewa. Nilitaka kumchukia pale, nikashindwa, maana mikono yake nilikwisha kuiona. Alikuwa anahesabu.

Baba, yule mgombea, anafanya kitu ambacho sikukitarajia. Anakubali kura ziende zake, kuliko kusimama mbele ya watu amlaumu mwanawe. Hana hotuba ndefu. Samantha Mugatsia aliyeigiza Kena alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike pale FESPACO 2019, tamasha la filamu la Burkina Faso, na alistahili, ila mimi tuzo yangu ningeipasua nusu nimpe baba yule.

Ina makosa. Mchungaji ni wa karatasi, ukimpulizia anaanguka. Wazazi wa Ziki nao sikuwaelewa, wana gari zuri na hasira, basi, na ndiyo maana Ziki anapopelekwa London inakuwa kama mtu ametoka nje kupokea simu. Linganisheni na Mercy. Upande wenye mama aliyeandikwa unasimama, upande wenye mama aliyechorwa kwa kalamu nene unayumba. Mnaelewa ninapoelekea? Bongo tunaye mama mkwe yule, mnamjua, kope za bandia, anaingia sebuleni anaweka mkoba, anasema "hapa ndoa hakuna." Kwa nini hakuna? Alilala wapi jana? Nani alimsema sokoni? Mwandishi hajui. Anayejua ni kope.

Kidogo juu ya jina la filamu. Kahiu amesema alilichagua kwa kuwa wapenzi wa namna ile mara nyingi humtambulisha mwenzao hivyo: huyu ni rafiki yangu. Na lugha yetu hapo ina mzaha wake. Mwanamke akimwita mwenzake "shoga yangu," ni salamu ya kisimani, nenda Soko Kuu uhesabu utaisikia mara ngapi kabla hujafika kwenye nyanya. Neno hilohilo likirushwa kwa mwanamume, watu wanashikana mashati. Sasa vijana wa kike wamelikimbia, wanasema shosti. Waandishi wa maongezi, hilo ni shamba zima la bure. Mama anapouliza "huyo ni nani?" na binti akajibu "shoga yangu," kila mtu ndani ya chumba amesikia neno lake.

Na msidhani matarajio ya familia ni mali ya filamu ya Nairobi. Baba yangu ni Msukuma wa Magu. Mnajua chagulaga. Msichana anatoka ngomani au mnadani, vijana wanamfuata kundi, "chagulaga mayu!", chagua mama, chagua. Bibi yangu mzaa baba alikuwa anasimulia kwa kujivunia: nilichagua mwenyewe. Nikamuuliza, bibi, kuchagua usichague yeyote kulikuwepo? Akanitazama kama nimeuliza ziwa lina chumvi.

Upande wa mama tuna Aniceti Kitereza, na ni aibu kwamba nawatajia watu wa Mwanza jina hili kama habari mpya. Mtu wa Ukerewe, hapo tu ng'ambo. Mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kikachapwa kwa Kiswahili 1980, naye akafariki 1981. Ni nini kisa hicho? Mume na mke wanapendana, hawana mtoto, ndugu wa mume wanamtukana mke, wazazi wa mke wanakuja kumchukua mtoto wao wamrudishe kwao. Myombekere anamfuata ukweni, anaambiwa alete pombe ya ndizi ndipo wamrudishie. Kurasa na kurasa anatafuta ndizi, anaomba msaada kwa majirani. Mapenzi ya mtu na mkewe halali, yamekaa yanasubiri ndizi ziive. Mnatafuta filamu ya mapenzi ya ziwa hili, ya mume na mke, isiyohitaji kubishana na bodi yoyote? Imelala hapo. Na muone Kitereza alivyowaandika wakwe: kila mmoja ana neno lake, adabu yake, kiu yake. Hakuna kope za bandia.

Nimalizie safari yangu. Nilirudi Jumapili. Mama alikuwa uani kwenye turubai, anachambua dagaa, anatoa furu na vijiwe, furu bakulini, vijiwe anatupa nyuma bila kugeuka. Nikamsalimu, nikakaa, nikaanza kumsaidia, hakunifukuza. Baada ya muda akauliza, "Ehe. Hiyo picha ilihusu nini?"

Nikamwambia inahusu watoto wa majirani, wanapendana, wazazi hawataki. Akasema hizo ndizo zilezile. Nikamwambia ni wasichana wote wawili. Vidole vilisimama. Siyo sana, kiasi cha dagaa wawili. Nikaendelea maana nilikwisha kuanza: wakafumwa, watu wakawapiga, mmoja akapelekwa Ulaya, mwingine akabaki. Kimya. Nje ilipita gari ya matangazo ya msiba, bado walikuwa wanatangaza.

Akasema, "Huyo aliyebaki. Mwishoni yuko hai?"

Nikasema yuko hai. Amekuwa daktari.

"Na mama yake alilala siku ile?"

Hilo sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimelipa basi, nimelipa tiketi, nimekaa kwenye kiti saa moja na dakika ishirini, na sikujua kama Mercy alilala. Nikasema sijui, mama, hawakuonyesha. Akatikisa kichwa, yaani filamu gani hiyo. Kisha akasema mambo hayo nisimletee nyumbani kwake, na nihamishe bakuli la furu kabla paka hajaja.

Msinisikie vibaya, hakubadilika. Mpaka leo ukimuuliza maoni yake kuhusu wale wasichana atakupa jibu ambalo mama yeyote wa Kirumba atakupa. Lakini wiki ile alikuwa ameona akina mama wakisubiri kwenye gati la Ukara, na katika kisa chote nilichomsimulia, swali lake la kwanza lilikuwa mtoto yuko hai, la pili mama amelala. Mimi niliyejiita mwandishi nilikuwa sijafika hata kwenye la kwanza.

Basi, toeni daftari. Simu ziwekeni chini. Muda uliobaki ni wa kwenu.

Nyumba ya vyumba viwili, saa kumi na moja jioni, umeme umekatika. Binti yuko chumbani na mtu ambaye familia haimtaki. Awe nani, chagueni ninyi, kabila, dini, umaskini, lolote. Mlango umerudishiwa, haukufungwa. Mama anaingia kutoka kisimani na ndoo kichwani. Anasikia kicheko. Hajatua ndoo bado, na kuitua peke yake hawezi, siku zote hutuliwa na binti yule.

Andikeni dakika moja. Mama asiseme neno.